Amana ya Banda Moja

Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ulipewa jina hilo mwaka 1962 kwa heshima ya Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Uwanja huo uko kimo cha mita 1,690 hivi juu ya bahari, na jua la huko hubabua rangi ya ndege, hukausha mipira yake, na kutia ukungu vioo vyake. Mwenye ndege ndogo hupenda kuiweka bandani. Na kwa kuwa kodi ya banda zima ni mzigo kwa mtu mmoja, watu watatu au wanne huichanga.

Kupanga ndege bandani ni werevu wa aina yake. Cessna 172 ina mabawa yenye upana wa mita 11, nayo yako juu ya chumba cha rubani. Mabawa ya Piper Cherokee yako chini. Basi bawa la moja husukumwa likakaa juu ya bawa la nyingine, na pahali pa ndege mbili pakaenea tatu. Walakini ya nyuma haitoki mpaka za mbele zitolewe, na wenye za mbele wamelala majumbani kwao. Anayetaka kuruka alfajiri hana budi kushika mali ya mwenziwe ambaye hayupo.

Hiyo ni amana. Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa pwani, husema kuwa aliyewekewa amana hadaiwi kwa kilichoharibika pasipo uzembe wake. Kanuni hiyo ni ya haki, lakini hujibu nani alipe. Haijibu nani aseme.

Tuseme mtu anasukuma ndege ya jirani peke yake, na asikie mgoto mdogo. Atazamapo aona kibonyo, si kikubwa kuliko ukucha, katika eleroni, yaani kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoinamisha ndege upande. Hapana aliyemwona. Anaweza kujiambia kuwa kibonyo ni kidogo. Huo ni udhuru dhaifu, maana eleroni imepimwa uzito wake, na ikipotoka yaweza kutetemeka angani hata ikavunjika. Kama kibonyo hiki kina hatari au hakina, fundi ndiye ajuaye. Udhuru wenye nguvu ni mwingine: kila rubani ana wajibu wa kuikagua ndege yake kabla ya kuruka. Akipita bila kuona, kosa si lake mwenyewe?

Ni lake, na bado si lake peke yake. Akaguaye hutafuta asichokijua mahali pake, tena aghalabu katika mwanga hafifu wa asubuhi. Aliyenyamaza anapajua mahali penyewe. Wajibu wa mmoja haufuti wajibu wa mwingine, na mtu hawezi kuficha kitu kisha akamlaumu atafutaye kwa kutokiona.

Wako wanaotegemea daftari ning'inizwa mlangoni, kila aliyesogeza ndege aandike, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Ni shauri jema, ila daftari huandikwa na mkono ule ule uliogonga.

Jambo linalosahauliwa ni sehemu ya mwenye kuharibiwa. Yule apokeaye habari ya kibonyo kwa matusi, akataja gharama na bima mbele ya banda zima, amewafundisha wenziwe kunyamaza. Safari ijayo hataambiwa, wala hatajua kwamba kulikuwa na la kuambiwa. Ghadhabu yake ina haki, kwani mali ni yake. Lakini ndiye atakayeketi ndani ya ndege hiyo.

Yule wa alfajiri akiwa mtu wa kuaminika, huandika karatasi, huitaja eleroni ni ya bawa gani, hutia jina lake, na kuifunga kwa kitambaa chekundu katika rafadha, pasipoweza kupitwa. Kisha huirudisha ndege yake mwenyewe bandani na kwenda kupiga simu, ingawa kunakucha na mbingu ni nyeupe.