Je, Vyombo vya Bei Rahisi Humtajirisha Mtu?

Watu wengi husema: «Siku hizi maskini hayuko tena. Hata mchunga mbuzi ana simu mfukoni. Hata mjane ana mabeseni ya rangi tatu.» Neno hili lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mwenye busara hapokei nusu kana kwamba ni nzima. Yafaa basi lipimwe.

Kwanza itazamwe sehemu iliyo kweli. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilivuka ziwa Tanganyika, ikaleta Manyema kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani. Siku zile kitambaa kilikuwa kama fedha: watu walikitumia kununua chakula na pembe za ndovu. Leo mtoto wa mkulima huvaa kaptula ya mitumba iliyonunuliwa kwa faranga chache. Mama aliyechukua mtungi mzito wa udongo sasa huchukua ndoo nyepesi. Habari ya msiba humfikia ndugu wa mbali siku ile ile. Mambo hayo ni mema, na anayeyadharau amesahau taabu ya wazee wake.

Lakini kitu kuwa rahisi ni jambo moja, na mtu kuwa na neema ni jambo lingine. Mfano huu waonyesha hivyo. Mababa wawili wakaa kijiji kimoja. Wa kwanza ana simu, redio, viti vinne vya plastiki na viatu jozi tatu. Wa pili ana mbuzi wanne, na shamba la mihogo ambalo mipaka yake yajulikana na wote. Watu humwita wa kwanza tajiri. Mvua zanyesha, na homa ya malaria yashika watoto wa nyumba zote mbili. Baba wa pili auza mbuzi mmoja, mtoto apelekwa hospitali. Baba wa kwanza atoa viti vyake nje. Lakini nani atanunua kiti chenye mguu uliopasuka? Simu yake kuukuu yapewa bei ya chumvi. Jioni apiga hodi kwa jirani ili akope.

Hapo siri yafunuliwa. Vyombo vya namna hiyo vina bei siku ya kununuliwa tu. Mbuzi huzaa, shamba hulisha, ufundi wa mkono haupasuki. Ndiyo sababu nyumba yaweza kujaa vitu, nayo ikabaki tupu.

Liko jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Urahisi huo umelipwa na nani? Ndani ya betri za simu nyingi mna madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, katika nchi ya Kolwezi na jirani zake. Wako wanaoichimba kwa mikono, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo, na wengine wamefukiwa humo. Jiwe lasafiri mbali, larudi likiwa simu. Tena, katika Kongo watu wapatao 2 tu kati ya 10 wana umeme. Hivyo ndugu ya mchimbaji hununua simu, kisha hutembea mpaka dukani na kulipa ili itiwe umeme. Mkono uliotoa mali ndio ubakio gizani.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua iitwayo Rerum Novarum, alifundisha kwamba mshahara usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Kipimo chake kilikuwa ujira wa haki, si wingi wa vyombo.

Basi, neema ya mtu ipimwe kwa nini? Kwa maswali haya: Akiugua, je, atatibiwa bila kuuza shamba? Watoto wake, je, watamaliza shule? Ujira wa siku, je, watosha chakula cha siku na akiba kidogo? Shamba lake, je, laweza kunyang'anywa na mwenye nguvu? Anayejibu vema ana neema, ijapokuwa nyumba yake ina sahani moja. Asiyeweza kujibu ni maskini, ijapokuwa ana simu mbili.

Kwa hiyo mkulima akiuza mavuno, asikimbilie kwanza king'aacho. Anunue jembe, aweke mbuzi, alipe masomo ya mtoto. Naye mwenye vibarua asiseme: «Hawa wana redio, ujira mdogo wawatosha.» Kwa maana anayesema kwamba maskini hayuko tena, mara nyingi atafuta udhuru wa kutomlipa haki yake. Simu iliyo mkononi mwa maskini haifuti deni analodaiwa tajiri.