Insha Hii ni ya Nani?

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mtoto wa Kidato cha Kwanza akiagizwa insha aweza kuipata nzima katika simu ya baba yake, uji haujapoa. Je, ni kosa? Wengine hujibu: mbona hakuna aliyeibiwa?

Yupo, naye ni mtoto mwenyewe. Mashine ile hukadiria neno lipi lifuate jingine, kwa kufuata maandishi mengi mno ya watu iliyolishwa. Mtoto huandika apate kujua anawaza nini. Ile sentensi yake ya kwanza, iliyopinda, iliyofutwa mara tatu, ndiyo kazi yenyewe aliyotumwa. Tena ameandika jina lake juu ya karatasi, akimshuhudia mwalimu kwamba maneno haya ni yake. Huo ni uongo, hata ukiitwa maendeleo.

Hatusemi akili mnemba ifukuzwe shuleni. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi kumfafanulia kila mmoja neno gumu. Ikimsaidia hapo, heri. Lakini asomaye muhtasari wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, hajakisoma kitabu hicho.

Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 wapendekeza umri wa miaka 13 angalau kwa kutumia vyombo hivi darasani. Umri peke yake hautoshi. Mtoto na aandike kwanza kwa mkono wake, ndipo aiulize mashine. Na mwalimu aione karatasi ile ya kwanza, pamoja na makosa yake yote.