Talaka Imekata Ndoa, Haikukata Nafaka ya Mtoto



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe wote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekua yatima, akalelewa na babu yake kisha na ami yake, akajua tangu utotoni maana ya mtoto kutegemea mkono wa mtu mwingine.

Ndugu zangu Waislamu wa Bunia, mama zangu na dada zangu, kila Ijumaa swala ikiisha, kabla sijavaa viatu, kuna mtu ananingoja. Mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni. Swali lake nimelizoea hata naweza kulitaja kabla hajafungua kinywa: "Ustadhi, baba ya watoto yuko Mongbwalu kwenye dhahabu. Hatumi kitu. Nikimpigia simu ananiambia, mimi nilishakuacha, unanidai nini tena?"

Ndugu uliyeko Mongbwalu, umesema kweli kwamba ulishamwacha. Lakini anayekudai si yeye. Anayekudai ni mtoto, na mtoto hujamwacha wala huwezi kumwacha. Hakuna talaka ya mtoto katika dini hii.

Fungueni Suratul Baqara, aya ya 233. Imekuja katikati ya aya za talaka. Mwenyezi Mungu anazungumza na akina mama juu ya kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, kisha anamgeukia baba na kumbebesha chakula na mavazi yao kwa wema. Sasa tazameni jina alilompa. Hakumwita mume, maana huenda umume umeshakwisha. Amemwita yule ambaye mtoto amezaliwa kwa ajili yake. Wajibu umefungwa kwenye kuzaa, si kwenye ndoa, na ukishaitwa kwa jina hilo huna pa kulivulia. Aya hiyohiyo inakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, na baba asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Pande zote mbili. Nitarudi kwenye hilo.

Katika Suratut Talaq, aya ya 6, mke aliyeachwa naye ana mimba anapewa nafaka, yaani matumizi yake, mpaka ajifungue, na akimnyonyesha mtoto wa mwanamume aliyemwacha, apewe ujira wake. Wako wanaume humu mjini wanaomtoa mwanamke nyumbani na tumbo la miezi sita, akarudi kwa wazazi wake Mudzi-Pela au Nyakasanza bila hata sabuni ya kufulia nguo za mtoto atakayezaliwa, nao wanasimama safu ya mbele msikitini. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu wengine tumekaa nao darasa moja.

Swali la pili huwa ni hili: nafaka ni kiasi gani? Watu wanataka nitaje dola. Hapa Qur'ani haikutaja dola wala dirhamu. Aya ya 7 ya sura hiyohiyo inamtaka mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika kile alichopewa. Maana yake hakuna anayetoka mikono mitupu. Mwenye duka la vitenge pale sokoni hatoi sawa na dereva wa pikipiki anayeshinda juani, lakini dereva wa pikipiki naye ana chake cha kutoa. Afadhali faranga elfu chache kila Jumamosi, zinazofika, kuliko ahadi ya dola hamsini isiyofika. Mtoto hali ahadi.

Nanyi mnaijua hadithi ya Hind bint Utba, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamlalamikia mumewe Abu Sufyan kwamba ni mtu bahili, hampi cha kumtosha yeye na watoto. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kile kinachomtosha yeye na wanawe, kwa wema. Abu Sufyan alikuwa mkubwa wa Makureshi, na heshima yake haikuizuia haki ya watoto. Wanawake wa zama zetu wakiniuliza kama nao wafanye hivyo, huwajibu kwamba Hind alikuwa nyumbani mwa mumewe, mali iko mbele yake. Wewe mumeo yuko mbali na mfuko wake uko mbali. Njia yako ni mashahidi na maandishi.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu wengi hawalijui jambo hili. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wazee wetu waliyoipokea kutoka pwani, nafaka ya mke isipolipwa hubaki deni hata miaka ipite. Nafaka ya mtoto haiko hivyo: siku zikipita, ile ya nyuma haidaiwi, ila kama kadhi aliipitisha au aliruhusu ikopwe kwa jina la baba. Dhambi ya baba inabaki palepale, na Mtume ametuonya, katika hadithi ya Abu Dawud, kwamba yamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale anaowalisha. Lakini dai la duniani linaweza kupotea. Kwa hiyo dada yangu, usikae miaka mitatu ukilia jikoni ndipo uje. Njoo mwezi wa kwanza.

Uje wapi? Wenzetu wa Mombasa na Lamu wana Mahakama ya Kadhi, imetajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Zanzibar nako wana Mahakama ya Kadhi, kwa sheria ya 2017. Sisi Kongo hatuna. Imamu wako anaweza kusuluhisha, anaweza kuandika makubaliano mbele ya wazee, lakini hana askari wa kumlazimisha mtu. Penye ukaidi, mlango uliopo ni mahakama za serikali, kama Tribinali ya Amani, inayosikiliza kesi za ndoa na familia. Hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza hapa Ituri tarehe 6 Mei 2021 ilipeleka kesi za jinai kwa mahakama za jeshi. Madai ya nafaka si jinai, nayo yalibaki kwa majaji wa kiraia. Nimesikia watu wakisema kwamba Mwislamu kwenda huko ni kuikimbia sharia. Si hivyo. Kumpeleka dhalimu kwa mwenye uwezo wa kumzuia ni jambo la dini.

Tena sheria ya nchi katika jambo hili haiko mbali nasi. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inapima nafaka kwa haja ya anayedai na uwezo wa anayedaiwa, yaani mizani ileile mliyoisikia katika Suratut Talaq. Inakataza mtu kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto kuwa mtoto mpaka afike miaka 18, na inataka maslahi yake yatangulizwe. Panapotofautiana ni hapa: sheria ya Kongo inawataka baba na mama wachangie wote wawili, kila mmoja kwa uwezo wake. Fikihi inaanza na baba. Akikosa baba, anafuata babu mzaa baba. Mama anayeuza samaki wa Tchomia pale sokoni akamlisha mwanawe anapata thawabu kubwa, lakini biashara yake haikufuti wewe. Usilitumie jasho lake kama kisingizio.

Kizuizi kinachowaangusha akina mama wengi mbele ya jaji si sheria, ni karatasi. Ndoa ilifungwa msikitini, mahari yakatajwa, wali na mashahidi wakashuhudia, watu wakala pilau. Mbele ya Mwenyezi Mungu ndoa imetimia. Mbele ya serikali, ndoa ya msikitini peke yake haihesabiwi mpaka ifike ofisi ya hali ya raia, ile tunayoiita etasivili. Mtoto naye amezaliwa, hajaandikishwa, jina la baba haliko popote. Sheria inataka kila mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Baba aliyekwenda etasivili akataja jina lake hana njia rahisi ya kusema baadaye kwamba hamjui mtoto. Na asiyetaka kwenda, mama na wakwe waanze kujiuliza mapema kwa nini.

Kwa sababu ya vita, wengi wenu mmekimbia Djugu, mmekimbia Irumu na Mambasa, na karatasi zimeungua pamoja na nyumba. Mashahidi hawakuungua. Tafuteni waliohudhuria nikahi, tafuteni shefu wa mtaa aliyewajua, waseme wangali hai. Na baba anayetuma kwa simu, tuma palepale kwenye simu, usimpe rafiki mkononi. Ule ujumbe wa simu ni shahidi wako wewe pia siku mtakapobishana.

Sasa malezi, yaani hadhana. Nani akae na mtoto? Mwanamke mmoja alimjia Mtume akasema kwamba tumbo lake lilimbeba mwanawe, ziwa lake lilimnywesha, paja lake lilimhifadhi, na sasa baba amemwacha mke na anataka kumnyang'anya mtoto. Mtume akamhukumia mama kuwa ana haki zaidi maadamu hajaolewa. Imepokewa na Abu Dawud. Akiolewa, wanazuoni wanatazama ndugu wa kike, kwanza bibi mzaa mama. Na Mtume alimkabidhi binti wa Hamza kwa Ja'far kwa sababu mke wa Ja'far alikuwa mama mdogo wa yule binti, akasema mama mdogo yuko mahali pa mama.

Imamu Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Umar bin Khattab alimwacha mkewe wa Kiansari, aliyemzalia Asim. Siku moja Umar alifika Quba akamkuta mwanawe anacheza uwanjani pa msikiti. Akamshika mkono akampandisha mbele yake juu ya mnyama. Bibi mzaa mama akatokea, wakagombana, mpaka wakafika kwa Abu Bakr, khalifa wa wakati huo. Abu Bakr akamwambia Umar amwachie bibi mtoto. Na Umar, yule ambaye watu walikuwa wakipisha njia anapopita, hakujibu neno. Ikiwa Umar alinyamaza mbele ya bibi kizee, wewe ni nani unayekwenda shuleni na pikipiki saa za mapumziko ukamchukua mtoto bila mama yake kujua?

Mtoto akifika umri wa kupambanua, kama miaka saba, Shafii anasema apewe nafasi ya kuchagua. Mtume alimsimamisha kijana kati ya baba na mama akamwambia ashike mkono wa amtakaye, naye akaushika wa mama. Akichagua mama, nafaka haikatiki kwa baba. Chaguo la mtoto si risiti ya kumaliza deni.

Jambo lingine ni la kienyeji, nalo ni zito hapa kwetu. Ukoo wa baba unakuja na kusema: tulilipa mahari, kwa hiyo watoto ni wetu, wabaki kwetu. Mahari ya Kiislamu ni ya mke. Suratun Nisaa, aya ya 4, inaamuru wanawake wapewe mahari yao. Hayakuwa bei ya tumbo. Nasaba ya mtoto ni ya baba yake, hilo halina ubishi. Lakini kuitwa kwa jina la baba hakumnyimi mtoto wa miaka mitatu kulala karibu na mama yake. Wazee wa koo, hili mlirekebishe ninyi, maana vijana wanawasikia ninyi kabla ya kunisikia mimi.

Na sasa zamu yenu, mama zangu. Nilisema nitarudi kwenye aya inayokataza madhara pande zote. Wapo wanaomficha mtoto kwa sababu baba hajatuma pesa. Wengine wanamvusha mpaka Uganda, simu ikazimwa. Wengine wanamfundisha mtoto kumwita baba yake mwizi. Nafaka ni haki ya mtoto, na kumwona baba yake ni haki ya mtoto, hizi ni haki mbili zilizosimama kila moja kwa miguu yake. Hazibadilishwi kama fufu kwa chumvi. Ukimnyima mtoto ya pili kwa sababu ameshanyimwa ya kwanza, yeye ndiye aliyepoteza zote, wewe na baba yake mmebaki mnatazamana.

Maimamu wenzangu, tuwe na daftari. Kila talaka itakayofika msikitini iandikwe: tarehe, majina ya watoto na miaka yao, nani anakaa nao, baba anatoa nini na kila siku gani, siku za kuwaona, saini mbili na mashahidi wawili. Tusimruhusu mtu aondoke mlangoni na neno "nimemwacha" peke yake.

Na wewe ndugu yangu, uliyeko machimboni, au Kampala kwenye biashara, au humuhumu Bunia mtaa wa pili na wanao, leo baada ya swala ya Ishaa mpigie simu mama yao. Usianze na ugomvi wenu. Muulize watoto wamekula nini leo, kisha utume ulicho nacho.