Nani Mwenye Haki ya Kusema Kitengenezwe?

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kitu kikiharibika swali ni moja tu, nalo ni kama chaweza kutengenezwa au hakiwezi. Sisi nasi tulidhani hivyo miaka yote tuliyofundisha katika chuo cha ualimu, mpaka mwaka jana mjukuu wetu alipotuletea mchezo wa marehemu baba yake.

Tukieleze kwanza kitu chenyewe, maana wazee wenzetu huenda hawajapata kukiona. Chaitwa Game Boy. Ni kidude cha kijivu cha kushikwa kwa mikono miwili, kina kioo kidogo juu na vitufe chini, na hutumia betri ndogo nne. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilikitoa mwaka 1989. Mhandisi Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi hiyo, alishikilia kwamba ufundi wa zamani, uliokwisha kuzoeleka na kushuka bei, waweza kufanya jambo jipya. Basi wakati washindani wake walipotoa michezo yenye vioo vya rangi iliyokula betri sita upesi, cha kwake kilikuwa na vivuli vinne tu, tena hakina taa ndani. Hicho ndicho watoto wa dunia walichokipenda.

Cha kwetu kililetwa na jamaa aliyetoka Uingereza mwaka 1993, akampa mwanetu aliyekuwa darasa la tano huko Bunda. Ulipofika mwaka 1995, mwaka wa mtihani wa darasa la saba, tulimnyang'anya. Tulikifungia ndani ya sanduku la bati, sanduku tukaliweka juu ya kabati, karibu kabisa na mabati ya paa, kikakaa huko miezi minane. Mtoto alisema, "Baba, kitaharibika na joto." Tulimjibu kwamba kitakachoharibika ni mtihani wake. Tulipomrudishia, mistari miwili ilikuwa imepotea katika kioo, kutoka juu mpaka chini. Hakusema neno. Aliendelea kucheza vivyo hivyo, akikisia kilichokuwa pale pasipoonekana.

Mwanetu alifariki mwaka 2021. Mjukuu alikiona kidude katika vitu vya baba yake, akatia betri, kikawaka. Mistari iliyopotea sasa ilikuwa kumi na mmoja.

Tulimchukua mtoto tukaenda naye Musoma kwa fundi wa redio na simu, ambaye kibanda chake si mbali na Mwigobero. Fundi alitusalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akakigeuza kidude, akacheka kidogo, kisha akatueleza vizuri kuliko tulivyotazamia. Kioo kile kina nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu. Kila safu ya nukta hupata umeme kwa njia yake nyembamba iliyo katika utepe, na utepe huo umegandishwa kwenye ukingo wa kioo kwa gundi. Miaka ikipita gundi hulegea. Njia moja ikiachia, safu yake nzima hukosa umeme, na hapo ndipo mstari hupotea. Nukta zenyewe ni nzima, ila hazifikiwi.

Tukamwuliza kama joto laweza kuilegeza gundi. Akasema, "Joto na umri, Mwalimu." Hatukuuliza zaidi.

Dawa, alisema, ni mbili. Ya kwanza ni kupitisha chuma cha kulehemu juu ya utepe, polepole, ili gundi ilainike na kushika tena. Ila chuma kikizidi moto au mkono ukikawia, utepe huungua, na kioo ndiyo basi. Ya pili ni kutupa kioo cha zamani na kuagiza kipya, chenye taa na rangi safi, kwa zaidi ya shilingi laki moja. Yeye alishauri hicho kipya. "Hiki cha zamani chaweza kufia mkononi mwangu," alisema, "nami nisingependa." Tulimheshimu sana kwa neno hilo. Tumepata kukutana na mafundi waliokaa kimya, kitu kikaharibika zaidi, wakasema tulikileta kikiwa hivyo.

Mama wa mtoto, ambaye kwao ni Butiama, alikuwa na shauri la tatu. Yeye alitaka kisiguswe kabisa. Alikumbusha kwamba pale Butiama katika makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, vitu vya marehemu vimewekwa vionekane, wala hakuna anayevitumia. Nacho kiwekwe kabatini, alisema, kama alivyokiacha mwenyewe.

Hapo tulianza kuona kwamba jambo hili si la gundi tu. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani wa zamani, ameandika habari za merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana kama ni merikebu ile ile au ni nyingine. Wavuvi wa Mwigobero hubadili mbao za mitumbwi yao kila mara, wala hatujasikia ugomvi. Sababu ni kwamba wote wanajua mtumbwi ni wa kuvulia. Ukielea na ukileta samaki, ndio ule ule. Ubishi huanza pale watu wanapopendelea mambo mbalimbali katika kitu kimoja. Mama alipenda mkono wa marehemu usifutwe. Fundi alipenda mchezo uchezeke.

Na sisi je? Yafaa tuseme kweli. Tulitaka kioo kipya, kisicho na mstari hata mmoja. Tulikuwa tayari kutoa laki hiyo katika pensheni, na tulijiambia kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Ila usiku ule, tukiwa tumelala kwa ndugu zetu pale Musoma, tulitambua kwamba tulitaka miezi ile minane juu ya kabati ifutwe. Kumbe mtu aweza kutengeneza kitu cha mwingine ili kujiponya mwenyewe, na machoni pa watu akaonekana mkarimu. (Chuoni tulifundisha walimu wengi kusahihisha madaftari kwa wino mwekundu. Hatukumbuki kama tuliwafundisha kumwuliza mtoto alikuwa anataka kusema nini.)

Asubuhi tulimwuliza mjukuu, jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amelifanya. Akajibu, "Babu, baba alikuwa anaangalia kioo hiki hiki. Nataka kukiangalia nikicheza." Tulimweleza kwamba kioo chaweza kuungua asipate chochote. Alisema amemsikia fundi. Tukampigia mama yake simu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kitu ni cha mtoto.

Fundi alifungua skrubu, akaondoa ganda, akakiwasha kikiwa wazi ili aone kazi yake. Alipitisha chuma mara ya kwanza, hapakuwa na badiliko. Mara ya pili mistari minne ilirudi pamoja, na mtoto akashika ukingo wa meza. Mara ya tatu ilirudi mingine mitano. Ilibaki miwili, upande wa kushoto. Kama ni ile miwili ya mwaka 1995 hatuwezi kuapa, maana wakati ule hatukuangalia kwa makini.

Fundi aliinua chuma tena. Nasi, tukijua hatari yote iliyokuwapo, tulitamani apitishe mara moja zaidi, na mkono wetu ulikwisha kuinuka kumwambia aendelee.

"Inatosha, fundi," alisema mtoto. "Hiyo iache."

Fundi alitutazama sisi. Tukamwambia amsikilize mwenye mali. Alitutoza shilingi elfu tano, akafunga skrubu zake, na katika basi la kurudi Bunda mtoto alicheza njia nzima, akikisia.