Jina ama Kazi?

Ukiambiwa uchague moja: uandike kitabu kizuri ambacho hakuna atakayejua ni chako, ama jina lako liwe kwenye kitabu kizuri ambacho hukuandika. Utachukua gani? Usijibu haraka. Jibu la adabu sote tunalijua.

Riwaya ya Alexandra Andrews, Who Is Maud Dixon? (2021), inalichimba swali hilo. Florence Darrow ni msaidizi wa mhariri New York, anayetaka uandishi kama mtu mwenye kiu. Anafutwa kazi, kisha anaajiriwa kumsaidia Helen Wilcox, ambaye ndiye Maud Dixon, mwandishi maarufu asiyejulikana na mtu. Wanasafiri Moroko. Gari linatumbukia baharini, na Florence anaamka hospitalini watu wakimwita Madame Wilcox. Helen haonekani. Florence hawasahihishi.

Mwisho sikuharibii. Kilichonishika ni hiki: anaweza kuvaa nguo za Helen, kutumia pesa zake na kuitika jina lake, lakini sentensi za Helen haziji na huo mzigo. Bado atalazimika kukaa chini aandike.

Mimi niliacha chuo, na tangu hapo nakula kwa kuandikia wengine: hotuba za harusi, wasifu wa marehemu, maelezo ya bidhaa. Kuna hotuba moja ilifanya ukumbi mzima ulie. Aliyeisoma akapigiwa makofi, mimi pesa zikaingia kwa simu. Iliniuma kiasi, sikatai. Lakini ile saa ya usiku nilipolipata neno lililokuwa likinikwepa ilikuwa yangu, na hakuna mtu angeweza kuisoma kwa niaba yangu.

Sisemi kutaka jina ni dhambi. Jina ni mkate, na ni dhamana pia: mtu akiandika uongo, tujue wa kumuuliza. Lakini Florence halitaki jina kama malipo ya kazi. Analitaka ili aache kuwa Florence. Hapo ndipo tamaa inageuka wizi, hata kabla hajagusa pasipoti ya mtu.

Kwa hivyo siku hizi, nikijikuta nawaza mahojiano ya kitabu ambacho sijamaliza hata sura ya pili, najiuliza: kama hakuna atakayejua, bado ningeirekebisha hii aya? Siku nyingine jibu ni hapana, basi nalala. Ikiwa ndiyo, naendelea.