Kusema Methali kwa Haki

Methali ni mali ya ajabu. Mali nyingine hupungua ikigawanywa, lakini methali huzidi kila igawanywapo. Haina mwenyewe awezaye kwenda mahakamani kuidai, na kwa sababu hiyo huharibiwa bila hofu. Mtu akiliharibu shairi, mtunzi wake hulalamika. Akiiharibu methali, hakuna alalamikaye ila masikio ya wasikilizaji. Basi yafaa tujiulize: kuikosea methali ni kosa la namna gani? Ni kujikwaa kwa ulimi tu, ama yaweza kuwa dhuluma?

Tuanze na makosa mepesi. Kiswahili kilikulia pwani, na methali zake nyingi zanukia chumvi ya bahari. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, ya majani chai na migomba, na mtoto wa huko aghalabu hukutana na Kiswahili baada ya kunyonya Ekegusii, lugha ya mamaye. Si ajabu basi kwamba hujifunza maneno kabla ya kuviona vitu vitajwavyo. Husema, "Ukiona vyaelea vimeundwa," naye hajui kwamba vieleavyo ni vyombo vya baharini, vilivyotoka katika mikono ya mafundi. Husema, "Mwamba ngoma huvutia kwake," akidhani habari ni ya jabali, maana miamba ya Manga ameiona kwa macho yake. Kumbe mwamba ni mtu awambaye ngozi juu ya ngoma. Husema, "Maji yakimwagika hayazoeleki," kana kwamba maji ni jirani mwenye tabia ngumu. Wahenga walisema "hayazoleki", yaani hayawezi kuzolewa tena. Tena huandika "kikulacho kinguoni mwako" kwa neno moja, asijue kwamba "ki nguoni" maana yake ni "kimo nguoni".

Makosa haya huwaudhi wengi. Wako walimu ambao wino wao mwekundu hutetemeka kwa ghadhabu. Lakini ghadhabu si mizani ya haki. Mtu wa pwani akienda Tabaka, huko Kisii, ambako mawe laini huchongwa yakawa vinyago na bakuli, hatakosa kukosea majina ya kazi ile na vyombo vyake. Mchongaji mwenye adabu hatamcheka. Atampa patasi aishike. Vivyo hivyo akosoaye methali na aonyeshe ngozi inavyowambwa, na maji yanavyoshindwa kuzoleka, kisha kosa litaondoka lenyewe.

Tena si kila badiliko ni kosa. Wengine husema "Jogoo la shamba haliwiki mjini", na wengine "Jogoo wa shamba hawiki mjini". Nimeona marafiki wakinuniana kwa ajili ya jogoo huyo, na hali maana haikupoteza hata unyoya mmoja. Methali ni msafiri, na msafiri hubadili nguo njiani. Lililo muhimu ni kwamba aliyefika awe ndiye yule aliyeondoka.

Lakini liko kosa jingine, ambalo halitokani na ujinga. Miaka michache iliyopita nilikaribishwa katika mkutano wa ukoo mmoja upande wa Nyamira. Binti wa ukoo huo alikuwa amerudi kwao na watoto wawili, baada ya ndoa yake kuvunjika. Baba yao alikuwa amekwisha kufa, na ndugu wa kiume walikuwa wamegawana shamba katika vipande vyembamba kama mishipi, kwa kuwa katika nchi ile watu ni wengi na ardhi ni haba. Watu walizungumza Ekegusii, hata kaka mkubwa, mtu aliyesoma, alipoinuka akasema kwa Kiswahili, "Wahenga walinena: mgeni siku mbili." Akaketi.

Kimya kikaingia. Methali ina nguvu hiyo: huja katika mashauri kama hukumu ya mzee asiyeonekana, na ni nani atakayebishana na wahenga? Dada yule aliinamisha kichwa, akamvuta mwanawe mdogo karibu.

Ndipo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliposema kutoka pembeni, "Mwanangu, hujamaliza. Na siku ya tatu je?" Kaka hakujibu. Bibi akaendelea, "Basi nitakumalizia. Siku ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakusema mpe njia."

Tazama ukubwa wa kosa lile. Hapakuwa na neno hata moja lililotamkwa vibaya. Hata mwalimu mkali asingepata pa kutia wino. Nusu iliyosemwa ilikuwa sahihi, lakini ilikatwa mahali palipomfaa mkataji. Najua wako wasemao kwamba jembe hilo ni njia ya adabu ya kumchosha mgeni aondoke. Hata wakiwa na haki, apewaye jembe apewa kazi, na apewaye kazi huonyeshwa udongo wa kulima. Apewaye nusu ya methali huonyeshwa mlango.

Kukata huku hakukuanza Nyamira. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, alilaumu kupenda fedha. Walimwengu wameliacha neno "kupenda", na sasa fedha yenyewe husingiziwa kuwa shina la maovu. Aliyeliacha neno lile amejipatia faraja, maana ni rahisi kuishtaki sarafu kuliko kuushtaki moyo.

Kwa hiyo nasema kwamba yako makosa mawili, na hayastahili adhabu moja. Akoseaye kwa kutojua anahitaji mwalimu. Akataye kwa kujua ametoa ushahidi wa uongo kwa kinywa cha wafu, ambao hawawezi kurudi kujitetea. Sikitiko langu ni kwamba sisi tulio wepesi wa kuudhika na kosa la kwanza mara nyingi twalipitia la pili kimya, kwa sababu sarufi yake ni safi.

Mkutano ule uliendelea hata jua likazama. Sisemi kwamba methali ndiyo iliyoamua. Palikuwa na kijana aliyewakumbusha wazee kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, yataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi. Tena palikuwa na huruma. Dada alipewa sehemu karibu na migomba ya marehemu babaye. Lakini naamini kwamba mlango wa maneno yote yale ulifunguliwa na bibi aliyedai nusu iliyofichwa.

Nawe msomaji, ambaye kesho utaandika insha na keshokutwa utaketi katika mashauri ya watu wako, ijue methali kabla ya kuitumia, na uifikishe mwisho wake. Mwenzako akiikosea, msahihishe kwa upole. Lakini ukisikia methali imekatwa ili mnyonge aumie, usione haya kuuliza, hata mbele ya wakubwa: na siku ya tatu je?