Fundi wa Dakika Kumi

TV yenyewe ilikuwa ile ya mgongo mkubwa, inchi 21, ya kubebwa na watu wawili kama jeneza. Binamu yangu alikuwa na kibanda cha gemu Kiriaini: PlayStation 2 moja, benchi moja, mechi shilingi kumi. Siku moja picha ikajikunja, ukabaki mstari mweupe katikati ya kioo. Sauti ipo, uwanja haupo. Vijana wakaenda zao.

Fundi wa kwanza alishinda nayo siku nzima. Akapuliza vumbi, akabadilisha vipuri viwili, jasho likamtoka. Ikawaka, tukamlipa 1,500. Kesho yake mstari ukarudi, na wala hatukumlaumu sana. Si tulimwona akihangaika?

Wa pili alikuwa mzee, kando ya barabara ya Othaya. Kabla ya kugusa chochote aliuliza: "Mkiipiga kofi, picha inarudi?" Ndiyo, mzee, inarudi kidogo. Akacheka. Akapunguza mwanga, maana mstari ule ukikaa sana huunguza kioo. Akachomoa waya ukutani, kisha akachukua bisibisi iliyofungwa waya wa ardhi na kuondoa umeme uliobaki kwenye kioo. TV ya rangi hubeba zaidi ya volti 20,000 pale nyuma, na inaweza kukurusha hata ikiwa imezimwa. Akageuza bodi, akaniita, akamulika tochi. "Angalia hapa." Kwenye miguu ya kipuri kinachotandaza picha juu na chini, lehemu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Joto mchana kutwa, baridi ya Nyandarua usiku. Chuma hutanuka na kusinyaa mpaka kikachoka.

Akalehemu. Moshi kidogo, picha hiyo. Dakika kumi. Akaitisha elfu moja.

"Mzee, kwa risasi ya shilingi tano?" Nikampa 400. Akazipokea bila neno.

Nimejiuliza sana kwa nini yule aliyeshindwa nilimlipa bila kelele, na huyu nikamwona mwizi. Nadhani ni majani chai. Kwetu ukubwa wa kazi unaonekana kwenye mizani ya kituo: kilo ni kilo, mgongo unauma, unaandikiwa. Hata neno kibarua lilitoka kwenye kijibarua, kadi ya kuhesabia siku ulizofanya kazi. Ila ujuzi hauna kilo.

Na si sisi tu. Mwaka 1878, katika kesi aliyomfungulia mhakiki John Ruskin huko London, mchoraji Whistler aliulizwa kama guinea 200 alizotaka ni za kazi ya siku mbili. Akajibu ni za ujuzi wa maisha yake yote. Alishinda, fidia ikawa farthing moja, robo ya peni. Mwaka uliofuata akafilisika.

Mteja naye ana hoja, tuseme ukweli. Sijui chochote cha ndani ya TV. Nitajuaje kama ninaibiwa? Jasho ndilo ushahidi pekee ninaoweza kuusoma. Lakini yule mzee alinipa ushahidi mwingine, bure. Aliniita nione ufa. Angeweza kufunga mlango na kusema kipuri kimeungua, kinatoka Nairobi. Badala yake alinionyesha tatizo jinsi lilivyokuwa dogo, nami nikautumia huo udogo kumkata bei. Nilimtoza faini kwa kusema kweli.

Mwezi mmoja baadaye nilimpelekea redio. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyefuata wufa yake. Mzee akamwambia, kwa upole, bado inamsumbua, arudi Jumamosi. Mama akaondoka. Wufa ilikuwa kwenye rafu, imeshafungwa skrubu zote, inaimba polepole.

"Mzee, si hiyo imepona?"

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ile TV ulinilipa ngapi?"